Marando

Asekenye alirudi Ngora na marando kichwani,
fungu moja, limefungwa kwa ukambaa wa mgomba,
yamelegea kama kamba ya mbuzi aliyeuzwa.
"Hayo yamekufa," akasema shemeji yake.
Hakujibu. Alikunja kila rando mara moja,
akalizika tutani, macho mawili chini, jicho moja nje.

Siku tisa, kimya.
Ya kumi, jani, umbo la moyo,
likachungulia kama mwenye deni.

Sasa yametambaa hadi kwa shemeji,
yamevuka mpaka bila hodi,
yanachanua zambarau alfajiri, yanafumba adhuhuri.
Shemeji huchuma matembele usiku, bila taa.
Asubuhi, akianika amukeke juu ya mwamba,
Asekenye huviona vikonyo vilivyokatwa,
bado vinatoa maziwa.