Jumapili ya Uyoga

Daktari alinipima presha mara mbili,
akatazama saa yake, akasema: pumzika, Mama Kalenga,
kana kwamba pumziko linauzwa kwa kopo
sokoni Katuba, kando ya chumvi na dagaa.

Mimi ni karani wa mahakama.
Mwaka wa kumi na tisa huu nachapa hukumu za wengine:
nani ahame, nani alipe, mtoto alale kwa nani.
Maneno hupitia vidoleni, lakini hayatokei upande wa pili.
Yanabaki hapa, chini ya shingo,
kama mchanga ndani ya godoro.
Usiku meno yangu husagana yenyewe.
Mume wangu husema natwanga mihogo ndotoni.

Aliyenitoa si daktari. Ni Numbi, jirani,
muuza uyoga, asiye na subira na wagonjwa:
"Kesho saa kumi alfajiri. Vaa viatu vibaya."

Tulishika barabara ya Kasenga gizani.
Baiskeli zilitujia zikisukumwa,
magunia ya makala yakiwazidi kimo wasukumaji.
Hakuna aliyesalimu; pumzi zao zilitosha.
Kisha tukaacha lami, tukaacha mahindi ya watu,
na miombo ikatupokea bila kuuliza vitambulisho.

Nilidhani msitu ni kimya. Si kimya.
Mvua ya jana ilikuwa bado inashuka,
jani kwa jani, kama mtu ahesabuye chenji.

"Uyoga hauonekani," akasema Numbi,
"na mtu anayetembea na kesi kichwani."
Nikacheka. Saa nzima sikuona hata mmoja.
Kikapu chake kilifika nusu; mimi naona majani, majani,
na hukumu moja inayosubiri sahihi.

Kisha sijui. Labda nilichoka.
Nilipiga goti kando ya kichuguu kirefu kuliko nyumba yetu
nifunge kamba ya kiatu, na pale,
chini ya pua yangu, ardhi ilikuwa imepasuka kidogo,
kitu cheupe kikiisukuma kwa kichwa,
polepole, bila wakili.
Na mwingine. Na mwingine.
Ulikuwapo muda wote.

Sikulia, kama ndivyo mnavyongoja.
Nilikaa tu. Udongo mwekundu ukailoanisha sketi.
Mchwa alipanda kidole ninachobonyezea herufi,
akafika kwenye kucha, akafikiri, akarudi.
Nilipokuja kushtuka, taya lilikuwa limelegea,
mdomo wazi kama wa mtoto aliyelala mgongoni.

Nilijaza kitambaa. Numbi akachambua, akatupa nusu:
"Huu utakuua. Huu pia. Huu mtamu, lakini utakuua."
Ukabaki uyoga kumi na mmoja.

Jioni nikawasha mbabula.
Makala yalikohoa cheche, yakakubali,
na nilipoinama kupuliza niliisikia tena:
harufu ya magome yale, ya miti ile ile,
ikitoka zake dirishani.
Nilisimama na mwiko mkononi.
Watoto wakauliza chumvi iko wapi.

Jumatatu, saa mbili, faili la kwanza: kiwanja, ndugu wawili.
Nilichapa kama kawaida.
Jaji alilalamika kuhusu alama nyekundu
pembeni mwa ukurasa wa tatu, kama ya kidole.
Nikasema nitauchapa upya.

Sijauchapa.