Imla ya Injini

Fundi Aminieli sikio la kulia limekufa,
la kushoto linasikia nusunusu, kama redio ya betri kuukuu.
Miaka thelathini na miwili ya grenda na nyundo, hapa Njoro,
nyuma ya reli, ambapo upepo ukigeuka
unatuletea harufu ya kahawa inayokobolewa.
Kwa hiyo masikio ni mimi.

"Usiniambie inagonga," husema.
"Mlango unagongwa. Kichwa kinagonga. Inagonga kama nini?"

Nimejifunza kujibu.
Ti-ti-ti ya juu, nyepesi, kama cherehani za Majengo
wiki ya mwisho kabla ya Krismasi: tapeti, zipimwe upya.
Yowe la alfajiri linalokoma injini ikipata joto:
mkanda wa feni, umelegea au umekauka.
Mchanga unaosagwa kule mbele, jirani na rejeta:
beringi ya wota pampu, na usingoje Ijumaa.
(Wanaokuja na moshi tunawatania tu:
umeurudisha mjini kwake.)
Lakini ko, ko, ko
ya chini, nzito, inayozidi ukikanyaga mafuta,
hiyo usiitamke mbele ya mwenye gari
kabla hajapata pa kukaa.

Jumanne alikuja Mwalimu Ndeshukurwa na Starlet yake nyeupe,
rangi imebabuka paani,
kiti cha nyuma mikungu miwili ya mshare,
redio juu kabisa, mtangazaji anasoma vifo.
Alinifundisha darasa la tatu. Alinitambua kwa kovu la kidevu.
"Ina kikohozi," alisema, "kidogo tu,
nikipanda Kibosho."

Boneti juu. Redio zima.
Silensa. Kanyaga. Achia. Kanyaga.
Nikachomoa waya wa plagi ya tatu, mlio ukafifia;
nikaurudisha, ukarudi,
ko, ko, ko,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
akijua fika waliomo wamehama.
Dipstiki ilitoka na weusi wenye chenga za fedha.

Nikamtazama Mwalimu:
pochi ya kitenge aliyoishona mwenyewe,
vidole vyake vikihesabu kitu juu ya zipu.
Nikapaza sauti ili fundi asikie:
"Tapeti!"

Fundi hakujibu. Alichukua bisibisi ndefu,
ncha akaiegemeza kwenye bloku,
mpini akauuma kwa meno, akafumba macho.
Taya likawa sikio.
Niliona mshipa wa shingo yake ukicheza, ukifuata konrodi.
Akautema mpini.
"Metali," alisema. "Ya tatu.
Na wewe ulijua."

Funguo ikageuzwa. Katika kimya kile
chuma cha moto kilisikika kikipoa, tik, tik,
na mahali fulani upande wa Pasua mtu anajaribu honi.
Nilidhani Mwalimu ataulizia bei.
Akanigeukia mimi.

"Imla," alisema. "Unakumbuka imla?"

Nakumbuka. Sentensi mara mbili, si zaidi,
viatu vyake vikipita kati ya madawati,
nasi tukiandika kilichosikika, hata kama hakipendezi.

"Umesikia neno moja, umeandika jingine.
Kwangu hilo ni kosa zima, sikati nusu."
Kisha, akiangalia mikungu yake:
"Hata mimi. Tangu Pasaka napandisha redio."

Fundi akachana kipande cha boksi la oili, akanipa.
Nikaandika: metali seti moja, gazketi, oili lita nne,
kranki iende kwa mtu wa lezi, ufundi,
na jumla, ambayo ilibidi niibane pembeni
kwa sababu boksi liliisha kabla ya sifuri.

Mwalimu alisoma, midomo ikitembea.
Akafungua zipu ya pochi. Nikajua sasa ni noti,
nikageuza uso.
Alitoa kalamu nyekundu.
"Gasketi," alisema, akipiga mstari,
"haina z."