Kugonga Tangi

Tuna yuro elfu sita na mia nne.
Ignas ameziandika kwa chaki ukutani mwa zizi,
halafu akachora mstari mzito chini yake
kama mtu anayefunga geti.

Kiwanda cha mbali, huko China, kimetuma picha:
matangi matatu, chini yamechongoka kama karoti,
yanang'aa hadi unaona haya kuyapumulia.
Bei inavumilika. Nauli haivumiliki.
Kuna ushuru, kuna kreni ya kuyashusha,
kuna mlango wa zizi, mfupi kwa shubiri mbili.
Ignas anasema tuvunje mlango.
Tuvunje, namjibu, kisha tununue nini? Upepo?

Basi mapipa ya plastiki. Yuro arobaini moja,
jepesi, nalibeba mwenyewe huku naongea na simu.
Lakini mwaka juzi nililisugua moja kwa brashi ngumu,
na mkwaruzo mwembamba kama unywele
ukaficha kitu ambacho maji moto hayakukifikia.
Lita themanini za harusi ya Vaidilė
zikawa na ladha ya siki na plasta ya kidonda.
Wageni walikunywa kwa adabu.
Adabu ile inaniuma hadi leo.

Lipo pia pipa la mwaloni la babu.
Nikiingiza pua, nasikia Krismasi.
Nikiingiza tena, nasikia panya.
Lipumzike. Tutalipandia vitunguu.

Ndipo tukaenda ng'ambo ya mto,
kwenye kiwanda cha maziwa kilichofungwa,
ambako bwana Stulpinas anauza kilichosalia:
mizani, buti za mpira za mguu mmoja mmoja,
na tangi la lita mia sita, chuma cha pua,
lenye koti la kupitisha maji baridi
na neno MAZIWA ubavuni, kwa Kilithuania, kwa rangi ya buluu.
Anataka elfu moja mia tano.

Nililigonga kwa ufunguo wa gari.
Debe tupu haliachi kuvuma, sawa,
lakini yapo mavumo na mavumo:
hili lilijibu taratibu, kama mtu aliyeamshwa
ambaye hajakasirika.

Nikavua koti, nikaingia kwa kichwa, na tochi mdomoni.
Mama aliosha matangi haya miaka ishirini na miwili.
Alinifundisha: macho hudanganywa na mng'ao,
ukucha haudanganywi.
Nikapitisha ukucha juu ya mshono wa lehemu,
polepole, kama anayesoma barua ya deni,
laini, laini, laini,
kisha karibu na vali, kishimo.
Kidogo kuliko punje ya shayiri. Kahawia.
Nikakaa humo ndani muda mrefu kuliko nilivyohitaji.
Palikuwa na harufu ya sabuni yake.

Nilipotoka nilimwambia Stulpinas habari ya kishimo.
Sikumwambia habari ya sabuni.
Akashuka hadi elfu moja na mia moja.

Njiani Ignas akaanza kuhesabu kasoro:
chini ni bapa, chachu haitajikusanya,
itabidi tuichote kwa mkono;
halihimili shinikizo, bia haitatoa povu la kujivunia.
Nikamwambia wazee wa Biržai
hawajawahi kudai povu. Wanadai bia.
Akacheka, akakosa gia.

Leo fundi ameziba kishimo na kuondoka na mia mbili zake.
Tumejaza maji hadi shingoni, tukazima redio.
Saa ya kwanza, kimya.
Saa ya pili, chini ya vali,
tone.

Ignas ameweka kikombe cha chai pale chini.
Haba na haba, anasema, na hata hatabasamu.
Ukutani chaki inasoma elfu tano na mia moja,
na bado hatujanunua pampu, wala kimea,
wala mpira mpya wa vali, yuro tatu.

Yuro tatu!
Nimechukua chaki mwenyewe.