Mfuko wa Gitaa

Kizito alilileta likiwa uchi, mvua za Aprili,
akasema: Nishonee mfuko, Bi Sikudhani, nalifuata Ijumaa.
Nikalilaza mezani, nikalipima kama mteja wa sendofu:
kifua, kiuno, nyonga.
Shingo ndefu, nikaongeza inchi mbili.
Kitambaa niliokota kwa mafundi makochi,
maana hapa Keko kila mlango una randa,
kila upepo una vanishi.

Ijumaa ikapita. Zikapita Ijumaa za mwaka mzima na nusu yake.
Risiti namba 212 ingali kwenye msumari,
imebaki elfu saba.

Umeme ukikatika, mota ya cherehani hunyamaza
na mimi hubaki na mikono.
Siku moja nikafungua zipu niliyoitia mwenyewe.

Nilidhani itakuwa rahisi: nyuzi nazijua.
Nimeishi na nyuzi tangu nina miaka kumi na saba,
nazilamba ncha, nazipitisha tunduni bila miwani.
Basi, zamani, bila miwani.
Lakini uzi huu haupiti popote.
Umekaa palepale, unakungoja ukosee,
halafu unasema kwa sauti, mtaa mzima usikie.

Ombeni, kijana wa vocha, anayepiga gitaa la kwaya kanisani kwao,
aliingia kutafuta vifungo, akanikuta.
Hakucheka. Hilo sitalisahau.
Alivuta stuli, akasema: Leo nakupa kodi tatu.
Nikamwambia, kodi naijua, mwanangu,
mwenye nyumba hunidai ya miezi sita kwa mkupuo.
Hapo ndipo akacheka.

Mkono wangu wa kulia una sugu ya mkasi,
umesoma, una vyeti.
Wa kushoto ulikuwa kibarua wa kusukuma kitambaa;
sasa ndio umepewa kazi ya kufikiri.
Kidole cha pete nikikinyanyua,
kile kidogo kinanyanyuka nacho, pacha wasioachana.
Nilijaribu kuvaa subana. Ombeni akanivua
taratibu, kama anayemvua mtoto kiatu cha mguu usio wake:
Mama, acha viumie. Vikiisha kuumia ndio vinaanza kusikia.
Ana miaka kumi na tisa. Nikamwita mwalimu siku hiyohiyo,
suruali yake nikaipunguza bure.

G inakuja. C inakuja, imechelewa.
Ile F, ambayo kidole kimoja hulala juu ya nyuzi zote sita
kama mlinzi aliyesinzia mlangoni,
F haitoi sauti, inatoa kikohozi.
Jirani yangu Mwanahawa, mkaanga mihogo,
ananiuliza kupitia ukutani:
Bado hajapona?

Juzi, saa nne usiku, giza kutoka Chang'ombe mpaka kwetu,
nilitoka G kwenda C bila kuangalia vidole.
Mara moja. Nikarudia, ikakataa.
Lakini mara ile moja ilikuwa kama pindo
lililonyooka bila alama ya chaki.
Nikakaa nayo gizani, mbu wakinila,
nikasikia kwa Mwanahawa karai limenyamaza.

Leo asubuhi kapita mtu, mgongo kama wa Kizito.
Moyo ukanishuka. Nikausukuma mfuko nyuma ya vitenge.
Hakuwa yeye.

Elfu saba sitaidai. Namba 212 nimeigeuza, inatazama ukuta.
Sikukuu ngapi nimewaambia watu, na gauni halijakatwa hata bega:
liko kwenye vifungo tu, njoo kesho.
Miaka thelathini na moja ya njoo kesho.
Sasa, popote ulipo, Kizito,
nakuomba kwa adabu zote za fundi:
liko kwenye vifungo tu.
Njoo kesho.