Juzuu ya Nne

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa,
mjini Hakodate, theluji ikikwaruza kioo,
kuna chumba cha kutolea damu
chenye rafu ya katuni, juisi ya bure
na biskuti zilizofungwa mojamoja.
Nani aliiacha pale juzuu ya nne
ya hadithi ya mnyonyadamu? Hajulikani.
Ya kwanza haipo. Ya pili haipo. Ya tatu wala usiulize.
Ni hii tu, jalada limechakaa pembeni
kama kola ya shati la shule.

Husomwa kutoka kulia, kama tenzi za kale zilivyoandikwa,
na husomwa kwa mkono mmoja,
maana wa pili umelazwa juu ya mto, sindano ndani.
Ukurasa hugeuzwa kwa kidole gumba na kidevu.
Kurasa arobaini, kwa mwenye haraka hamsini,
halafu mashine inalia, unafungwa bendeji,
unaambiwa: rudi baada ya wiki kumi na mbili.

Wiki kumi na mbili!
Na mnyonyadamu kasimama mlangoni kwa mjane,
mvua inamchapa mgongoni,
kwani haingii nyumba asiyokaribishwa.
Kabisha hodi ukurasa wa themanini na tisa.

Basi wakaanza kuandikiana pembezoni.
Nagisa, anayesomea mwani chuoni,
kwa penseli, herufi ndogo kama chawa:
*Usimhurumie mjane. Ngoja 112.*
Chini yake, wa kalamu ya kijani:
*Nimengoja. Nimelia. Muuguzi kadhani ni sindano.*
Mwingine kachora popo amevaa skafu.
Mwingine kamwaga juisi ya nyanya,
akalizungushia doa duara, akaapa: *Si damu.*

Muuguzi Orie ana kifutio mfukoni.
Anayasoma yote, kifutio hakitoki.
Kisha huupapasa mshipa wa mtu kwa vidole viwili,
polepole, kama abishaye hodi,
na husubiri uitike.
Kwetu tulitishwa na mumiani, tukatoka mbio;
huku watu wanapanga foleni, wanakunja mikono ya shati.

Mzee Tatewaki aliendesha tramu miaka thelathini na minne,
na husoma vivyo hivyo: kila picha ni kituo,
anasimama, anatazama washukao, ndipo anaondoka.
Kurasa kumi kwa ziara moja, kumi na mbili ikizidi.
Februari anatimiza miaka sabini,
na kanuni imeandikwa ukutani: mwisho sitini na tisa.
Damu yake, inayotembea sasa
ndani ya miili asiyoijua kwa sura,
kuanzia Jumanne haitakiwi.
Alicheka. "Huyu wa kitabuni ana karne nne
na hakuna anayemuuliza siku ya kuzaliwa."
Alikuwa amefika ukurasa wa themanini na nane.

Karatasi ya rafuni inasema: Vitabu havitoki.
Orie alimpa mfuko wa biskuti,
mzito kuliko biskuti.

Nagisa alikuja, akakuta pengo rafuni.
Wa kalamu ya kijani alikuja, akalishika pengo kwa kidole,
wakatazamana, mara ya kwanza, wasijue wanajuana.

Mwezi ulipita, mzee akarudi.
Hakwenda kwenye kiti. Alikaa na wanaosubiri,
kofia yake ikidondosha maji,
kitabu ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo.
Kando yake kijana mmoja, Ryosei, mara yake ya kwanza,
uso mweupe kama wali wa jana,
macho hayabanduki kwenye mirija.
Mzee akafungua fundo.
"Anza hapa," akasema.
"Mwanzo je?"
"Mwanzo hatuna sote."

Ukurasa wa themanini na tisa:
mvua, mlango, mkono uliokunjwa ngumi kugonga.
Na ndani ya kijisanduku cheupe
ambacho mchoraji alikiacha kitupu,
kwa hati ya kizamani, wino ukitetemeka,
neno moja:
*Karibu.*

Orie akaita jina la kijana.
Akainuka, kidole kikiwa bado ndani ya kitabu.