Sita, Ruka, Nane

Kokwa za tende nilizichemsha mara mbili,
nikazisugua kwa mchanga hadi utamu ukaisha,
maana sisimizi wa Mkomani hawana adabu:
mwaka jana walihamia ndani ya hesabu yangu
na asubuhi nikaikuta inatembea.

Nikazitoboa kwa msumari wa moto.
Miyaa iliyobaki kwenye mkeka wa mama
nikaisokota kamba, nikatunga:
kokwa, fundo, kokwa, fundo,
na mahali pa kumi nikafunga kifungo
cha kanzu ya marehemu baba,
kwa kuwa kumi ni mtu mzima.

Trei ya mayai nimeikata vipande vitatu,
kila kipande mashimo kumi.
Vizibo vya soda nimevigonga bapa.
Fundi Lali kanipa masalio ya mbambakofi
kutoka mlango anaouchonga tangu Mfungo Sita,
na simbi ninazo kumi na mbili, moja ina tundu.
Nilichonunua ni msumari tu.

Watoto kumi na mmoja barazani kwangu,
na Shekuwe, miaka minne na nusu,
kamba mapajani, kidole kimenyooka:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
ruka,
nane.
Kidole kikapaa juu ya kokwa ya saba,
kikatua ng'ambo,
kikaendelea mpaka kifungo cha baba, salama.

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.
Nikampa vizibo: ruka.
Nikampa simbi: ruka.
Kwenye trei akajaza mbegu za ubuyu,
shimo moja akaliacha tupu, kwa heshima,
kama mahali pa mgeni aliyechelewa.
"Ni saba, mwanangu. Sema saba."
Akanitazama kama niliyemwambia
bahari ni uji.

Labda masikio, nikasema. Labda ukaidi.
Usiku nikageuka kitandani
nikinyimwa usingizi na namba moja.

Alhamisi nikamrudisha kwao mwenyewe,
kwa uchochoro ule ambao punda wakikutana
lazima mmoja arudi kinyumenyume.
Bibi yake, Bi Mwanalali, akafungua,
akamshika mjukuu mkono,
wakaanza kupanda ngazi ya mawe gizani,
sauti mbili, moja ya mkwaruzo, moja ya maziwa:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
RUKA!
mtoto hewani, ndara moja ikabaki nyuma,
nane, kenda, kumi.

Nikainama na tochi ya simu.
Kipandio cha saba kimeliwa,
kimebaki jino tu ukutani.
"Kilivunjika mwaka aliozaliwa," bibi akasema toka juu.
"Tunangojea chokaa."

Nilikaa pale pale, juu ya sita,
nikacheka mpaka nikaletewa maji.
Mtoto hakukosea hata siku moja.
Aliihesabu nyumba yao ilivyo,
na mimi, na kokwa zangu zilizochemshwa mara mbili,
nilikuwa namfundisha nyumba ya watu wengine.

Jumamosi Fundi Lali akaja na ubao,
akaupiga nyundo, akaukanyaga, akaruka juu yake.
Ubavuni Shekuwe akaigandisha
ile simbi yenye tundu, kwa gundi nyingi mno,
nusu imemganda kwenye nywele.

Jumatatu, barazani, kamba mapajani:
nne, tano, sita.
Akanyamaza.
Kidole kikashuka polepole
kama mguu unaopima iwapo kitu kitabeba.
Kokwa ikatulia.
"Saba," akasema, kwa sauti ndogo,
akaniangalia kuona kama imevunjika.

Bi Mwanalali bado anaruka.
"Mwanangu," anasema, "hii miguu yangu
haikupita barazani kwako."