Faili la Saa Tisa Usiku

Masikio yangu yalistaafu kabla yangu.
Yaliaga kwa adabu, moja moja: nyenje kwanza,
kisha kengele ya baiskeli, kisha ile "s"
mwishoni mwa jina la mjukuu wangu Tālis,
na huku kwetu Latvia kila mwanamume huishia na "s",
hivyo nimebaki na nchi nzima ya majina yaliyokatwa mkia.

Nami ndiye wanayenituma kila Agosti
ufukweni, kwenye misonobari iliyopindishwa na upepo,
kuwahesabu popo.

Kinasa sauti nakifunga shinani kwa kamba ya kiatu.
Hakisinzii, hakipigi miayo.
Ukelele uliopaa juu ya masikio ya wanadamu wote
hukigawa kwa kumi, kikaniwekea kiganjani
kama chakula alichotafuniwa mtoto:
tak. tak. tak-tak.
Kisha trrrp, mbu kaliwa.
Tālis ana miaka ishirini na sita na husikia theluji ikianguka,
lakini mbele ya popo, mimi na yeye
tu viziwi sawasawa.

Asubuhi jikoni: kahawa, kompyuta,
mafaili elfu moja mia nane arobaini na sita.
Programu hutaja majina mbiombio, kama mshenga aliyekwisha kula posa.
Mvua iliiita popo.
Funguo zangu iliziita popo adimu,
asilimia tisini na moja.
Nikazitikisa tena karibu na kinasa.
Tisini na tatu.

Kampuni inataka kusimika mitambo ishirini na minne ya upepo.
Swali lao ni fupi: wanapita wangapi?
Wakiwa wengi, mapanga yatafungwa breki usiku wa safari.
Wakiwa wachache, basi.
Tālis ameshachora jedwali. Jedwali halipendi "labda".

Ndipo faili la saa tisa na dakika kumi na mbili.
Mistari myembamba, imekunjwa kama viwiko,
na chini yake sauti nyingine, nzito kidogo,
inaanza, inasita, inarudia ilipokosea.
Miaka thelathini nilikuwa sauti ya pili kwaya ya kanisa;
namjua mtu anayetafuta noti yake.

Programu: *Haijulikani.*

Kitendawili.
Tega.
Ana mbawa, manyoya ya ndege hana;
hupiga kelele gizani, na giza lenyewe humjibu ukuta ulipo.
Mashine kimya.
Umeshindwa? Basi nipe mji.
Maskini, haikuwa na mji wa kutoa.
Mwenye miji ni yule, uzito wake sarafu mbili,
ambaye usiku ule aliacha pwani yetu mkono wa kulia
akaelekea Klaipėda, Gdańsk,
na mingine ambayo mimi sijapata nauli ya kuiona.

Nimemsikiliza mara kumi na nne.
"Bibi, andika jina lolote," Tālis akasema,
"ripoti ni kesho."
Nikaandika: *Mmoja. Amepita. Jina, bado.*
Akaguna. Akaacha palepale.

Jioni nikabadilisha betri,
nikashuka ufukweni mifuko mitupu.
Funguo nimeziacha mezani,
mlango wazi.